Usinunue kuta kabla ya kujua udongo na jirani

MNAMO Aprili mwaka wa 2025 dada yangu mkubwa, ambaye amekaa mtaa wa Buruburu jijini Nairobi tangu wanawe walipokuwa wadogo, alinipigia simu usiku akiwa na furaha na hofu kwa pamoja.

"Mtoto amenunua nyumba," akaniambia.

Mtoto mwenyewe ni mama wa watoto wawili. Ndiye kifungua mimba wa dada. Alikwenda Uholanzi kusomea kilimo katika Chuo Kikuu cha Wageningen, akapata kazi huko, akakutana na kijana wa kwetu aliyekuwa masomoni pia, wakaoana, na sasa wametimiza zaidi ya miaka kumi ugenini.

Nilimwuliza dada nyumba hiyo iko wapi.

"Iko kijiji kinachoitwa Bennekom. Nimemwuliza ni ekari ngapi, akacheka. Ati ni mita mia mbili za mraba, nyumba na bustani vyote pamoja! Ndugu yangu, hiyo si chini ya nusu ya ploti ya hamsini kwa mia? Na tena imeshikana ukuta na nyumba ya jirani. Sasa hebu niulize bei."

Bei ilikuwa euro 480,000. Nilipompigia hesabu na kumwambia ni kama shilingi milioni 70, dada alinyamaza kidogo, kisha akasema polepole, "Na bado hajaniambia atarudi lini."

Wapenzi wasomaji, nimeona niwasimulie safari ya mpwa wangu huyu kwa sababu mbili. Kwanza, siku hizi ni nadra kukosa jamaa aliye na mtoto ng'ambo, na wengi wa watoto hao wamefika umri wa kutafuta mahali pa kulea familia. Pili, yale yaliyompata nusura yammalize, na yangeweza kumpata yeyote kati yetu anayelipia ploti au nyumba hapa hapa nyumbani kwa kutazama rangi ya ukuta tu.

NYUMBA YA KANDO YA MFEREJI

Nyumba ya Bennekom haikuwa ya kwanza kuwavutia. Mwaka wa 2024 walikuwa wakiishi katika fleti ya kupanga, vyumba viwili vya kulala, watoto wakikatazwa kurukaruka ili aliye chini asipige dari kwa ufagio. Mume anafanya kazi mjini Utrecht. Basi wakaanza kutafuta nyumba upande wa magharibi, karibu na mji wa Gouda, ambako kuna mashamba ya majani mabichi, ng'ombe wa madoadoa na mifereji isiyo na idadi.

Wakapata nyumba iliyowaacha midomo wazi. Ilikuwa ya matofali mekundu, yenye umri wa karibu miaka tisini, na mbele yake mfereji wenye bata. Mtaa ulikuwa kimya kiasi cha kusikia baiskeli ikipita. Watoto walianza kugawana vyumba kabla ya wazazi kumaliza kupanda ngazi.

Tatizo ni kwamba walioipenda hawakuwa wao peke yao. Uholanzi ina upungufu mkubwa wa nyumba. Makadirio ya serikali ya mwaka wa 2024 yalitaja karibu nyumba 400,000. Kwa hiyo muuzaji anapotangaza bei, bei hiyo mara nyingi huwa ni mwanzo wa mashindano tu. Kila mnunuzi huandika kiasi chake kwa siri na kumpa wakala, bila kujua mwenzake ameandika ngapi. Mtu anaweza kutoa euro elfu ishirini zaidi ya bei iliyotangazwa na bado akashindwa.

Mpwa wangu na mumewe walikuwa wameshashindwa mara nne. Safari hii wakafanya kosa linalofanywa na watu wengi waliochoka kushindwa. Ili muuzaji awapende, waliondoa sharti la kuikagua nyumba na fundi wa majengo kabla ya mkataba kuwafunga. Wakakubaliwa. Siku ya Jumatatu wakapokea nakala ya mkataba iliyotiwa sahihi na pande zote mbili. Jioni hiyo walikula keki.

Usiku mume hakulala. Alikumbuka kwamba mlango wa jikoni ulikuwa umekatwa kwa chini, upande mmoja kuliko mwingine. Kwa nini mtu akate mlango kwa mshazari?

SIKU TATU ZA KUFIKIRI

Hapa ndipo sheria ya nchi ile ilipowaokoa. Tangu Septemba 2003, mtu wa kawaida anayenunua nyumba ya kuishi Uholanzi hupewa siku tatu za kufikiri tangu siku inayofuata ile aliyopokea nakala ya mkataba, na ndani ya siku hizo ni lazima ziwemo angalau mbili za kazi. Katika muda huo anaweza kujiondoa bila kutoa sababu na bila kulipa faini. Muuzaji hana haki hiyo. Mnunuzi peke yake ndiye anayo. Siku ya tatu ikipita, mnunuzi aliyegeuka bila sababu iliyoandikwa katika mkataba hudaiwa faini ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei.

Jumatano wakampata fundi. Mzee yule hakuanza na kuta. Alitoa gololi mfukoni, akaiweka sakafuni sebuleni, na gololi ikabiringika yenyewe hadi ukuta wa nyuma. Akawaonyesha nyufa zilizopakwa rangi juu ya dirisha. Kisha akawaeleza yaliyo chini ya miguu yao.

Sehemu kubwa ya magharibi ya Uholanzi ina udongo mweusi, laini kama sifongo, uliotokana na mimea iliyooza kinamasini kwa maelfu ya miaka. Udongo huo hauwezi kubeba nyumba. Kwa hiyo watu wa kale walipigilia nguzo ndefu za mbao hadi zikafikia mchanga mgumu chini, ndipo wakajenga juu yake. Mbao iliyozama majini muda wote haiozi. Inaweza kudumu karne na zaidi. Lakini maji ya ardhini yakishuka, vichwa vya nguzo hupata hewa, nazo huanza kuoza. Isitoshe, udongo wenyewe ukikaushwa ili ng'ombe wapate malisho, huliwa na hewa na kunywea. Ardhi hushuka kidogo kidogo kila mwaka. Kuna mitaa ambako wenyeji hulazimika kumwaga mchanga bustanini kila baada ya miaka kadhaa ili bustani isibaki chini ya kizingiti.

Kubadilisha msingi wa nyumba kama hiyo kunaweza kugharimu makumi ya maelfu ya euro, na wakati mwingine kukafika laki moja. Katika nyumba zilizoshikana, jirani asipokubali kurekebisha upande wake, kazi huwa ngumu maradufu.

Alhamisi saa mbili za usiku, saa nne kabla ya muda kwisha, waliandika barua ya kujiondoa. Watoto walilia. Mpwa wangu aliniambia baadaye, "Mjomba, nililia kuliko wao. Nilikuwa nimeshaona mahali pa kuweka mti wa Krismasi."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpwa wangu alijifunza kwamba kuna nyufa ambazo haziwezi kuzibwa, na kwamba ni heri kulia siku moja kuliko kulia miaka thelathini ya mkopo.

KIJIJI CHA MCHANGANI

Baada ya hapo walibadilisha namna ya kutafuta. Kabla ya kutazama picha za vyumba, walifungua ramani ya udongo. Ndiyo maana wakarudi mashariki, karibu na chuo alichosomea.

Bennekom ni kijiji cha watu wapatao elfu kumi na tano katika jimbo la Gelderland. Kiko kati ya Ede na Wageningen, na kinatawaliwa na baraza la Ede. Kinachokifanya kiwe cha pekee ni mahali kilipokaa. Upande wake wa mashariki huanza Veluwe, nchi ya vilima vya mchanga na misitu ya misonobari na mialoni, yenye kulungu na nguruwe mwitu. Upande wa magharibi ardhi huteremka hadi kwenye bonde lenye majani na unyevu. Kijiji kiko kwenye mteremko, katikati ya ukavu na umajimaji. Mchanga hubeba nyumba vizuri, kwa hiyo nyumba nyingi huko hazina nguzo za mbao za kuozea chini.

Lakini hata huko mtu hasahau maji. Takriban robo ya nchi ya Uholanzi iko chini ya usawa wa bahari. Mafuriko ya mwaka wa 1953 yaliua watu 1,836 kusini magharibi mwa nchi, na mwaka wa 1995 watu wapatao 250,000 wa eneo la mito, wengi wao wa Gelderland, walihamishwa makwao mito ilipojaa. Kwa sababu hiyo kuna halmashauri 21 za maji, ambazo wananchi huzipigia kura na kuzilipia kodi yake mbali na kodi ya baraza. Baadhi ya halmashauri za namna hiyo zilianza katika karne ya kumi na tatu. Mpwa wangu alipopata bili yake ya kwanza alishangaa kulipia maji yasiyo ya bomba. Akaelezwa kwamba analipia miguu yake kuwa mikavu.

Nyumba waliyoipata ni ya pembeni katika safu ya nyumba sita zilizojengwa miaka ya sitini. Haina mfereji wala bata. Ina sebule yenye dirisha kubwa, vyumba vitatu vya kulala, banda la baiskeli na bustani ndogo yenye mti wa tufaha. Mkaguzi aliwaonya mambo mawili. La kwanza, paa la banda lilikuwa na asbestosi, kitu cha kawaida katika majengo ya kabla ya 1993, mwaka ambao asbestosi ilipigwa marufuku. La pili, kuta hazikuhifadhi joto vizuri. Huko kila nyumba inayouzwa lazima iwe na cheti kinachoonyesha inavyotumia nishati, kuanzia A yenye alama nne za kujumlisha hadi G. Hii ilikuwa na D. Mambo hayo yote mawili yalikuwa na bei inayojulikana, na msingi ulikuwa imara. Wakasema hii ndiyo.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane aliyekuwa akihamia makao ya wazee. Kisheria muuzaji halazimiki kumchagua aliyetoa pesa nyingi kuliko wote. Mpwa wangu alimwandikia barua fupi: wao ni nani, watoto wana umri gani, na kwamba mti wa tufaha hautakatwa. Hajui hadi leo kama kuna aliyetoa zaidi. Anachojua ni kwamba siku ya kukabidhiana funguo bibi aliuliza kwanza habari za ule mti.

KARATASI NA PESA

Wasomaji wengi wataniuliza, pesa zote hizo zilitoka wapi? Zilitoka benki. Tangu mwaka wa 2018 mnunuzi huko anaweza kukopa hadi asilimia 100 ya thamani ya nyumba, mradi mshahara wake uweze kuubeba mkopo. Thamani hiyo husemwa na mthamini aliyesajiliwa, si na muuzaji. Ukikubali bei iliyopita thamani, ziada hiyo utaitoa mfukoni mwako. Mkopo wa kawaida ni wa miaka 30, na riba mwaka wa 2025 ilikuwa karibu asilimia 4. Kwetu, riba ya mikopo ya nyumba kwa miaka hiyo ilipita asilimia 12, na mwishoni mwa 2023 nchi nzima ya Kenya ilikuwa na mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu. Ndiyo maana wengi wetu hujenga chumba kimoja kimoja, mwaka hata mwaka.

Lakini benki hailipi gharama za pembeni. Kuna ushuru wa kuhamisha umiliki, asilimia 2 kwa anayekwenda kuishi humo mwenyewe. Walio chini ya miaka 35 husamehewa mara moja, bei isipopita kiwango kilichowekwa. Mpwa wangu na mumewe walikuwa wameshapita umri huo, kwa hiyo wakalipa euro 9,600, karibu shilingi milioni 1.4. Juu yake kuna mshauri wa mikopo, mthamini, mkaguzi na notari. Akiba yao ya miaka minane ilikwenda hapo, nyingine ikaishia kwenye paa la banda.

Huyo notari ndiye mtu niliyetamani tungekuwa naye hapa kwetu. Ni mwanasheria anayeteuliwa kwa amri ya mfalme, na kazi yake ni kusimama katikati bila kuegemea upande. Bila yeye nyumba haiwezi kuhama mkono. Kwanza hupekua rejista ya ardhi, inayotunzwa na ofisi iitwayo Kadaster ambayo ilianza 1832, ili ajue mwenye nyumba ni nani, anadaiwa na nani, na kama kuna mtu mwenye haki ya kupita katika bustani hiyo. Pesa za mnunuzi haziendi kwa muuzaji. Huingia katika akaunti maalumu ya notari. Siku ya kutia sahihi, notari huwasomea hati. Asiyeelewa Kiholanzi lazima awe na mkalimani. Baada ya sahihi hupekua rejista tena, asije mtu akawa ameweka dai asubuhi hiyo, huandikisha mmiliki mpya, hulipa deni la muuzaji benki, na ndipo muuzaji hupata kilichobaki.

Jambo lingine la kushangaza, nchi ile haimwulizi mnunuzi uraia wake. Kwetu, Katiba ya 2010 inamruhusu asiye raia kushika ardhi kwa kukodisha tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Hata hivyo, si kila nyumba ya Uholanzi husimama juu ya ardhi ya mwenyewe. Mjini Amsterdam, kwa mfano, nyumba nyingi ziko juu ya ardhi ya baraza inayokodishwa. Kwa hiyo hata huko mnunuzi lazima aulize: nanunua ardhi, au nanunua kuta zilizo juu ya ardhi ya mwingine?

Nusu saa kabla ya kwenda kwa notari, mnunuzi huingia ndani ya nyumba mara ya mwisho akiwa na orodha. Orodha hiyo husema kipi kinabaki na kipi kinaondoka: mapazia, taa, zulia, jiko, hata sanduku la barua. Mpwa wangu aliona ni utoto kuandikiana habari za sanduku la barua. Baadaye alikubali kwamba kilichoandikwa hakiwagombanishi watu.

JIRANI

Nilifika Bennekom Septemba ya mwaka huo. Nilikuta mtaa wenye miti mirefu, ua za mimea zilizokatwa sawasawa kama kichwa cha mtoto wa shule, na madirisha makubwa yasiyovutwa mapazia hata usiku. Watoto wa mpwa wangu, wa miaka tisa na sita, walikwenda shuleni kwa baiskeli, mkubwa mbele na mama nyuma. Huko watoto wa darasa za juu za msingi hufanya mtihani wa kuendesha baiskeli barabarani. Jumapili asubuhi nilisikia kengele za kanisa na njiwa. Eneo la Ede limo katika ukanda wa Waprotestanti washika dini, na siku ya Bwana huheshimiwa.

Waarabu husema, jirani kabla ya nyumba. Utulivu nilioukuta haukuanguka kutoka mbinguni. Sheria ya nchi yasema mti usipandwe karibu ya mita mbili na mpaka wa jirani, na ua wa mimea usiwe karibu ya nusu mita, isipokuwa baraza la mahali limeruhusu vingine au jirani mwenyewe amekubali. Dirisha linalochungulia kwa jirani nalo lina umbali wake. Lakini sheria huanza pale ujirani unapokwisha, na mpwa wangu alijifunza ujirani kwa aibu kidogo.

Walipohamia, waliwaita marafiki wa Kikenya kutoka miji mingine kuja kubariki nyumba. Nyama ikachomwa, muziki ukapigwa hadi saa tano usiku. Kesho yake mzee wa nyumba ya pili alibisha hodi. Hakuja na polisi wala matusi. Aliwapongeza kwa nyumba mpya, kisha akasema, "Siku nyingine, tieni barua ndogo katika masanduku yetu. Tukijua, hatutakasirika." Huo ndio mtindo wao. Mwenye sherehe huwaarifu majirani mapema, na mara nyingi huwaalika.

Mpwa wangu aliona haya. Lakini alikumbuka la mama yake, kwamba mgeni ndiye anayeanza salamu. Akapika maandazi, akawachukua watoto, wakapita nyumba zote sita na nne za ng'ambo ya barabara. Wengine walimkaribisha kahawa, mmoja alipokea mlangoni tu akasema asante. Miezi miwili baadaye mwanawe mdogo alianguka na baiskeli akapasuka kidevu, mama akiwa kazini. Aliyempeleka kwa daktari ni mzee yule yule wa muziki. Sasa ndiye anayewekewa ufunguo wa akiba.

Nilikuwapo Jumamosi ya nne ya Septemba, siku wanayoiita Burendag, siku ya majirani, iliyoanza 2006. Mtaa mzima ulitoa viti barabarani. Mpwa wangu alileta maandazi tena. Mama mmoja aliniambia, bila kujua ukubwa wa neno lake, kwamba kabla ya familia ile kuhamia hakuwa amewahi kuingia nyumba ya tatu kutoka kwake katika miaka kumi na moja.

Sitaki kuwadanganya kwamba ni peponi. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na kimya kilichokuwa kitamu mwezi wa Mei huwa kizito kama blanketi lililolowa. Basi za jioni ni chache. Wa kumsuka nywele yuko mji mwingine, na unga wa ugali hununuliwa kwa safari. Mtoto mkubwa aliulizwa shuleni kama kwao ni Afrika, akajibu kwao ni Bennekom, akarudi nyumbani akimwuliza mama kama amejibu sawa.

SWALI LA MAMA

Kwa hiyo msomaji, awe mwanao yuko Uholanzi au wewe mwenyewe unatafuta ploti Kitengela, maswali hayabadiliki. Chini kuna udongo gani, na maji yakija huenda wapi? Karatasi inasema mwenye mali ni nani, na ni nani aliyeipekua asiye na faida katika biashara hiyo? Pesa zako zinalala wapi kabla hati haijawa yako? Ukuta wa pili anaishi nani, na umeshamsalimia? Mwenye kuyajibu hayo ndipo atazame rangi na vigae. Na akiambiwa kwamba asipolipa leo kuna mwingine anasubiri, akumbuke ile gololi iliyobiringika.

Hata hivyo kuna swali moja ambalo fundi, benki na notari hawakuweza kulijibu. Dada yangu alilihifadhi hadi niliporudi. Alinikaribisha chai, akazitazama picha zote, akausifu mti wa tufaha, kisha akauliza, "Sasa mwanangu akifa, atazikwa wapi?"

Nilimweleza ukweli kama mpwa wangu alivyonieleza. Huko hata kaburi mara nyingi hulipiwa kwa muda, miaka 10 au 20, na jamaa wasipolipa tena laweza kuondolewa. Dada alishika kifua. Nyumba ya shilingi milioni 70, na kaburi la kupanga!

Nikampa ujumbe niliotumwa. Mpwa wangu alisema: "Mwambie mama sikununua mahali pa kufia. Nilinunua mahali pa watoto kurukaruka. Kule nyumbani kwetu asiuze hata hatua moja."

Dada hakujibu. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na bahasha kuukuu ya khaki. Ndani mlikuwa na hati ya kipande cha ardhi alichoachiwa na marehemu mumewe huko mashambani, ambacho kwa miaka mitatu mnunuzi mmoja amekuwa akimbembeleza amwuzie. Alikuwa amekaribia kukubali, akidhani hakuna wa kurudi.

"Kesho nisindikize ofisi ya ardhi," akaniambia. "Nataka kuhakikisha jina lililoko kule ni letu."

Tulikwenda. Jina ni letu. Na mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.